Nchi Iliyosogea Nyumba Moja

Ipo nchi moja, na wala si hii yetu, kwa hiyo msomaji asihangaike kugeuka nyuma kuona nani anasoma naye. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Maridhia. Ina milima, ina mito, ina wizara nyingi kuliko mito, na watu wake ni wema kupita kiasi. Ukiwaambia wasubiri, wanakuuliza wasubirie upande gani.

Kwa miaka mingi Maridhia haikujua hasa iko wapi. Yaani watu walijua wako Maridhia, ila ramani zao zilikuwa za kamba na mnyororo, zilizopimwa na wazee waliokwisha kufa, na kiwanja cha mtu kiliweza kuanza "kwenye ule mchongoma" kikaishia "pale alipofia ng'ombe wa Masanyiwa". Mchongoma ukakatwa, ng'ombe akasahaulika, watu wakabaki kununiana. Ndipo Waziri wa Ardhi, Anga na Vilivyomo Katikati, Mheshimiwa Balthazari Nkoswe, alipotangaza redioni kwamba aibu hiyo imekwisha. Imekuja mashine.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia sasa kila Mmaridhia atajua alipo kwa usahihi wa upana wa kidole. Na sisemi kidole gumba. Nasema kidole cha mwisho! Ukiulizwa uko wapi, hutajibu tena 'nipo tu.' Enzi za kuwapo tu zimepita!"

Makofi yakapigwa, hata na watu waliokuwa peke yao jikoni na redio zao.

Mashine yenyewe ilikuwa kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, chenye antena nyeupe mfano wa uyoga uliokomaa. Wapima ardhi waliifunga juu ya nguzo ya zege kileleni mwa Mlima Kipara, mahali peupe pasipo mti wala paa, mahali palipopimwa na kupimwa tena mpaka pakajulikana bila shaka yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa palepale na kusikiliza. Setilaiti, kama ndugu wote walio mbali, huleta habari zenye kosa kidogo. Mashine, kwa kuwa inajua ilipo, hulisikia hilo kosa na kuwatangazia wapima ardhi wa nchi nzima: punguzeni hapa, ongezeni pale. Kazi ya kukaa. Katika nchi yenye ofisi nyingi kiasi kile, nani angedhani kazi ya kukaa ingeshindikana?

Siku ya uzinduzi ikafika. Viti vya wageni vilipangwa chini kidogo ya kilele, penye tambarare, maana magoti ya Mheshimiwa yalikuwa yamelitumikia taifa muda mrefu na hayakupenda milima. Mkuu wa Itifaki, Bwana Pazi Mtawali, mtu mwembamba mwenye suti ya rangi ya majivu na filimbi mfukoni, akaitazama nguzo kule juu, akakitazama kiti cha Waziri huku chini, akashika kifua.

"Nani ameiweka kule?"

"Sisi, mzee," akajibu Kefa Ludigo, mpima ardhi aliyekabidhiwa mashine. "Ndipo mahali pake."

"Kwa hiyo mgeni rasmi aifuate?"

"Ni hatua chache tu, mzee."

"Kijana, umesomea wapi wewe? Katika Jamhuri hii mgeni rasmi hafuati kitu. Kitu ndicho kinachomfuata mgeni rasmi. Tumeleta wodi nzima uwanjani, kitanda kwa kitanda, ikazinduliwa. Tumeleta daraja vipande vipande likazinduliwa nchi kavu. Uyoga wako ni nini? Fungua!"

Basi ukafunguliwa uyoga, ukashushwa, ukasimamishwa juu ya zulia jekundu kando ya kiti cha Waziri, ukiwa unawaka na kutangaza. Utepe ukakatwa. Ngoma zikalia. Kefa alipotaka kuirudisha mashine nguzoni akaambiwa aiache hapo kwa muda, kwani wiki inayofuata inakuja Kamati. Na msomaji, kama amewahi kuishi popote pale, anajua "kwa muda" huwa ni muda gani.

Kutoka nguzoni hadi zuliani palikuwa na umbali wa kama nyumba moja na ua wake. Mashine, maskini, haikujua imehamishwa. Iliendelea kuamini iko kileleni, na ikaendelea kuwatangazia watu ushauri wake kwa moyo safi kabisa.

* * *

Mtaa wa Tupendane uko pembezoni mwa mji mkuu, nyumba zake zimejipanga mstari mmoja. Mwisho wa mstari, upande wa mashariki, ndipo kwa Zawena, na baada ya Zawena ni matete, maji na vyura. Mtaani walimwita Mama Shani. Nyumba ile aliijenga mwenyewe huku Baba Shani akiwa safarini na lori lake la masafa: vyumba viwili na jiko la uani, tofali za kuchoma, bati, na dirisha moja la kioo alilolifuta kila asubuhi kabla hata hajanawa uso. Shani alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alisimama kwa kushika ukuta wa sebuleni, sehemu ileile kila siku, na Zawena alikuwa na imani kwamba ukuta nao umeshamzoea mtoto.

Kefa akaja na fimbo yake ndefu yenye antena kichwani. Akasimama uani, akasoma kioo cha mashine yake, akakuna kisogo. Akasogea. Akasoma tena. Kisha akapandisha suruali, akaingia kwenye matete mpaka magotini, akapigilia bikoni, kile chuma cha mpaka, katikati ya vyura.

"Kaka, mbona unapanda chuma majini?" Zawena akauliza.

"Ndiyo kona ya kiwanja chako, Mama Shani."

"Kiwanja changu ni hiki nilichosimama."

"Hicho, kwa mujibu wa mashine, ni cha Bi Chausiku."

Bi Chausiku, jirani wa upande wa magharibi, alikuwa mama wa makamo mwenye mwili wa kushiba na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliposikia jina lake akatoka na mwiko mkononi.

"Changu? Na kwangu kule kumekuwa kwa nani?"

"Kwa Mwalimu."

"Na kwa Mwalimu?"

"Kwa fundi cherehani."

"Mama yangu mzazi!" akasema Bi Chausiku. "Mtaa mzima umelewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaa mzima ulikuwa umesogea nyumba moja kuelekea mashariki. Watu walitarajia Wizara icheke kidogo, kisha ipime upya. Badala yake likapita gari la matangazo, polepole, na vipaza sauti viwili:

"Mashine haikosei! Mashine haikosei! Imebainika kwamba wananchi wa Tupendane, kwa miaka mingi, wamekuwa wakiishi kando ya nyumba zao. Serikali haiwalaumu. Kila mmoja ahamie kwenye nyumba yake sahihi. Siku ya kilele cha Wiki ya Usahihi ramani itapigwa muhuri wa moto, na ikishapigwa haitabadilishwa na mtu yeyote aliye hai!"

Ilikuwa siku ya kupendeza, kwa mtu asiyehama. Vitanda vilipishana na makabati njiani. Sufuria ya maharage ilihama ikiwa inachemka. Kuku, ambao hawasikilizi matangazo, walirudi walikotoka, wakafukuzwa, wakarudi. Fundi cherehani alipofika kwenye nyumba yake sahihi alimkuta mama yake Mwalimu amekaa kitandani, na bibi huyo akasema yeye hasogei, kama vipi waandike kwamba ni sehemu ya nyumba. Wakaandika hivyo. Nyumba ya kwanza ya mtaa, ile ya magharibi kabisa, ikabaki haina mtu. Wizara ikaichukua ikaifanya Ofisi ya Malalamiko.

Bi Chausiku alipofika mlangoni kwa Zawena na godoro kichwani, wote wawili waliona haya.

"Hodi, Mama Shani."

"Karibu, Bi Chausiku. Au nikwambie karibu kwako?"

"Usinitie maneno, mwanangu, mimi sikuiomba. Serikali imesema nisogee, nimesogea. Nikikataa watasema Chausiku anapinga setilaiti."

"Na mimi nisogee wapi? Niende nikawapigie hodi vyura?"

"Kaa barazani kwangu. Kwako. Yaani hapahapa barazani. Kwani mtoto si amelala? Basi asiamshwe." Bi Chausiku akatua godoro, akatazama ndani, akashusha sauti ambayo kwa kawaida haishuki. "Hilo dirisha la kioo, huwa analifuta nani?"

"Mimi."

"Endelea kulifuta wewe. Mimi mkono wangu mzito, nitalivunja bure."

Zawena akacheka. Kisha akageukia ukutani akajifanya anatafuta khanga.

* * *

Asubuhi alimfunga Shani mgongoni akaenda Ofisi ya Malalamiko. Afisa alikuwa mtu mpole, na mezani alikuwa na maua ya plastiki.

"Unalalamikia nini, mama?"

"Nyumba yangu imechukuliwa."

"Nyumba ipi?"

"Ile ya mwisho."

"Ya mwisho ni ya Chausiku. Huwezi kulalamikia nyumba ya mtu."

"Haya, basi nalalamikia yangu ya sasa, ile ya majini."

"Ina tatizo gani?"

"Haipo."

"Haipo kabisa?"

"Kabisa."

Afisa akatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema. "Kama haipo, mama, haiwezi kuwa na tatizo. Ila nakushauri uijenge kabla ya muhuri. Kiwanja kitakachokutwa kitupu siku ya kilele kitahesabiwa kimetelekezwa na vyura watapewa umiliki wa muda."

Zawena hakulia pale. Alimtafuta Kefa, akamkuta kwa mama lishe amekumbatia kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Kaka Kefa, niambie ukweli. Niambie kama unamwambia mama yako."

Kefa akatazama kushoto na kulia. "Mashine haipo mahali pake. Fikiria mtu anakuelekeza njia kwa simu. Yeye amesimama mlangoni kwake, anakwambia, ukiniona pinda kulia. Sasa atoke, aende sokoni, asikwambie, na aendelee kukuelekeza vilevile. Utapinda kulia uingie chooni kwa watu. Hakukudanganya. Amehama tu."

"Sasa mbona hamsemi?"

"Nilisema. Nikaambiwa niandike. Nikaandika. Nikaambiwa mtumishi wa daraja langu hawezi kuandika jambo linalokipinga kiti alichokalia Waziri."

Wakapanda wote Mlima Kipara. Juu ya ile nguzo ya zege, mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa ameanika makopa ya mihogo.

"Jiwe zuri hili," aliwaambia. "Linapata jua kutwa, kivuli hakigusi."

"Ndiyo maana tulilijenga," akasema Kefa kwa sauti ya msiba.

Ile Kamati nayo ikaja. Kwa kuwa siku hiyo jua lilikuwa kali, viti vikapangwa upande wa pili wa mlima, na mashine, kwa adabu zake, ikavifuata viti. Nchi ikasogea kuelekea magharibi. Tupendane wakahama tena, safari hii nyumba mbili, na Zawena akajikuta na mtoto wake nyumbani kwa Bi Chausiku, chini ya picha alizoziacha Mwalimu, za mahafali ya watu asiowajua. Walipokuja wahisani, viti vikarudi upande wa kwanza, nchi ikarudi mashariki, Bi Chausiku akarudi na godoro lake, Zawena akarudi barazani. Mjini mambo yalikuwa hayohayo. Madhabahu ya kanisa moja iliangukia kwenye kilabu cha pombe, na mchungaji akakiri kwamba mahudhurio yameongezeka. Mahabusu wa kituo kimoja cha polisi waliamka wakiwa, kisheria, kwenye duka la mikate, na mwenye duka akalazimika kuwapa dhamana pamoja na skonzi. Magazeti ya serikali yakaandika kwa herufi kubwa: TAIFA LASONGA.

"Ipo nchi gani nyingine," Waziri akauliza redioni, "inayosonga kwa kasi kama yetu?"

Hakuna aliyeweza kuitaja.

Zawena mambo hayo ya mjini aliyasikia tu. Yeye alikuwa akimtazama Shani. Mtoto alikuwa akiamka leo kwenye ukuta wa tofali, kesho kwenye ukuta wa udongo, keshokutwa barazani pasipo na ukuta. Alinyoosha mkono kutafuta pa kushika, asipapate, akashangaa. Ikafika siku asinyooshe tena. Shani, aliyekuwa akisimama, akaanza kukaa.

* * *

Siku chache kabla ya kilele kulifanyika mazoezi ya sherehe Mlima Kipara. Zawena akapanda na mtoto mgongoni, na maneno ya kumwambia Waziri aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Hakumfikia. Alifikia kamba, na nyuma ya kamba alikuwepo Bwana Pazi na filimbi yake.

Zawena akasimama akimtazama anavyofanya kazi. Pazi alipuliza, bendi ikasogea. Akapuliza, profesa mmoja akanyanyuliwa kwenye kiti akapelekwa kwenye benchi. Akapuliza, kwaya ya shule ikakunjwa kama mkeka ikaenda kukunjuliwa kwingine. Mashine ikabebwa kutoka kulia kwenda kushoto, ikaonekana inaziba maua, ikarudishwa kulia. Kila kitu mlimani kilisogezwa, isipokuwa kimoja. Jua lilipomfikia Waziri usoni, hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Ilisogezwa turubai.

Zawena akaona hapo pana kitu. Akapita chini ya kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaziba kamera. Sogea."

Akasogea. "Mzee, nilikuwa na swali la itifaki."

Katika utumishi wake wote hakuna mtu aliyewahi kumletea Bwana Pazi swali la itifaki kwa hiari yake. Uso ukamlainika. "Uliza, binti yangu."

"Hii mashine ndiyo inayotuambia wote pa kukaa?"

"Wote."

"Hata Mheshimiwa Waziri?"

"Hata... naam. Makazi yake nayo yamepimwa."

"Sasa yenyewe, mzee, ina cheo gani?"

Pazi akafungua jalada la sherehe, akapitisha kidole. Mashine ilikuwa imeandikwa baada ya viti na kabla ya vyungu vya maua. "Samani," akasoma polepole.

"Kumbe." Zawena akamweka sawa Shani mgongoni. "Mimi mambo hayo sikuyasoma, mzee. Ila kwetu sijawahi kuona kigoda kinamwambia baba mwenye nyumba akae wapi."

  Mbele ya bendi nzima, Bwana Pazi akakaa chini kwenye nyasi na suti yake.

"Samani imemwagiza Waziri," akanong'ona. "Mara ngapi? Na mimi nipo. Nipo na filimbi."

"Pole, mzee."

"Itabidi ipewe cheo leo leo. Mkurugenzi? Mkurugenzi hamwagizi Waziri. Naibu? Naibu ndiyo kabisa."

"Kwani hizo setilaiti zinazosema nayo ziko wapi?"

"Nje. Nje ya nchi. Juu."

"Kwa hiyo hapa inasema kwa niaba ya wa nje?"

Pazi aliruka utadhani amekalia siafu. "Balozi! Toba, ni balozi! Tumekuwa tukimbeba balozi wa anga mabegani kama gunia la mkaa!" Akapuliza filimbi mpaka bendi ikaacha kupiga. "Msiiguse! Msimguse, yaani! Mwekeni chini! Hapana, msimweke chini!"

Kefa, aliyekuwa ameshika upande mmoja wa mashine, akabaki nayo hewani.

"Na balozi, mzee," Zawena akauliza kwa upole uleule, "anakaa wapi?"

"Kwenye makazi yake rasmi. Hahamishwi, hafunguliwi, na mwenyeji ndiye anayekwenda kumsalimu." Bwana Pazi akainua macho kuelekea kileleni, ile nguzo ikiwa peke yake juani. "Mungu wangu. Nani ameanika mihogo kwenye ubalozi?"

* * *

Waziri hakufurahi aliposikia habari ya kupanda mlima. Aliyakumbuka magoti yake. Lakini Pazi akamnong'oneza kwamba anga lina jua, mvua na radi, na mwenye vitu hivyo si wa kukosewa adabu. Hapo Mheshimiwa akakubali kwamba uhusiano na anga umezorota na unahitaji kunyanyuliwa.

Kefa aliifunga mashine nguzoni kwa glavu nyeupe za kukodi.  Siku iliyofuata Waziri wa Ardhi, Anga na Vilivyomo Katikati akapanda Mlima Kipara kwa miguu yake, akisimama kila baada ya vichaka viwili kupongeza mandhari. Alipofika juu akavua kofia, akainama mbele ya ule uyoga mweupe.

"Mheshimiwa Balozi, habari za huko utokako?"

Taa ya kijani ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Anasema nzuri," akatafsiri Kefa, ambaye tangu asubuhi alikuwa Katibu wa Ubalozi.

Magazeti yakaripoti kwamba mazungumzo yalikuwa ya kirafiki na yenye manufaa kwa pande zote mbili. Waziri akalihutubia taifa akiwa bado anahema.

"Yapo maneno kwamba viwanja vyenu vilikosewa," alisema. "Ndugu wananchi, hakuna kilichokosewa. Viwanja vilikuwa ziarani. Sasa vimerudi."

Basi vikarudi. Wapima ardhi wakatawanyika nchi nzima kuwahi muhuri, na Tupendane wakahama kwa mara ya mwisho, wakiwa wamezoea kiasi kwamba hata kuku walijipanga foleni. Bibi yule aliyeandikwa kuwa sehemu ya nyumba akaomba aandikwe tena kuwa mtu, ombi lake likapokelewa, linashughulikiwa.

Bi Chausiku alitoka na godoro kichwani, akasimama kidogo kizingitini.

"Dirisha nimelifuta leo," alisema. "Taratibu. Halijavunjika."

"Asante, Bi Chausiku."

"Nyumba yako nzuri, Mama Shani. Ila vyura wako wana kelele."

Zawena alimteremsha Shani sebuleni. Mtoto akatambaa mpaka ukutani, akapapasa tofali, akatulia kama anayesikiliza. Kisha akashika, akanyanyuka. Zawena alikaa sakafuni akamtazama mpaka alipochoka yeye, wala si mtoto.

Jioni ile ile Kefa akaja na fimbo yake. Kona ya kwanza ikaangukia nchi kavu, pale pale palipotakiwa. Ya pili nayo. Ya tatu nayo, na kila mara Zawena alisema "alhamdulillah" kwa sauti ndogo. Kona ya nne ilikuwa ile ya upande wa Bi Chausiku, nyuma ya jiko la uani. Kefa akasimama nyuma ya ukuta, akasoma kioo chake, akapiga hatua moja mbele, ukuta ukamzuia. Akazunguka. Akaingia jikoni ameinama, fimbo ikatoka nje kwa juu, maana bati la jiko lilikuwa bado halijafika upande ule. Akasimama kando ya mafiga. 

"Nini tena?" Zawena akauliza.

"Nani alikupimia hapa ulipojenga?"

"Baba Shani. Kwa kamba ya kufungia mizigo."

"Ilikuwa inavutika?"

"Kamba ya lori, kaka. Inavutika kama mpira."

Kefa akashusha sauti. "Jiko lako limeingia kwa Bi Chausiku. Si sana. Urefu wa mkono mmoja. Lakini mstari unapita hapa." Akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu, sentimita chache kutoka kwenye majivu. "Sikiliza, Mama Shani. Kesho ni muhuri, na umeteseka vya kutosha. Chuma naweza kukipigilia kule nje, nyuma ya ukuta. Ni mkono mmoja tu. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na Balozi."

Kutoka ng'ambo ya ukuta walimsikia Bi Chausiku akipanga vyombo vyake, akigombana na sufuria moja moja, akiimba katikati ya ugomvi. Zawena aliutazama ukuta wa jiko. Tofali zake alizibeba kichwani akiwa na mimba ya Shani, mbili mbili, daktari alipomkataza akabeba moja moja.

"Bi Chausiku!" akaita.

"Abee!"

"Njoo mara moja uone kitu."

Bi Chausiku akaja na mwiko wake, akamtazama Kefa, akaitazama fimbo, akautazama mguu wa Kefa ulipo. Akahesabu kwa macho toka pale hadi ukutani. Mwiko ukashuka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Yaani siku zote nilizokuwa nakuja kukuomba moto, nilikuwa naomba kwangu?"

"Inaonekana."

"Na ulikuwa unaninunia, ati nazidi kuja!"

"Nilikuwa nakununia," Zawena akakubali, na wote wawili wakaanza kucheka, Bi Chausiku akajifuta macho kwa khanga. Kefa alisimama katikati yao hajui aweke uso wapi.

"Ukuta uache," Bi Chausiku akasema alipopata pumzi. "Akija Baba Shani atauvunja mwenyewe, na kamba yake nitamfunga nayo mikono. Ila hicho chuma, mwanangu, kikae kinapotakiwa kukaa. Mimi kuhama nimechoka."

Kefa akamgeukia Zawena, bado nyundo haijanyanyuliwa. "Kwa hiyo?"

"Piga hapohapo," Zawena akasema.

Akachuchumaa. Chuma kikaanza kuingia sakafuni, pigo kwa pigo, na Zawena akayavuta mafiga yake upande wake wa mstari, la kwanza, la pili, la tatu. Akayapanga upya, akatia kuni, akawasha moto.